TANGAZO AMBALO MWENZANGU HAKULIONA

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA MAELEZO

Maelezo ya shahidi kuhusu mwanamke aliyekamatwa ndani ya uzio wa mtambo wa maji

Shahidi: Mama Mapacha, ndivyo anavyojulikana na wote
Umri: miaka 57
Kazi: mshonaji wa nguo
Elimu: darasa la nne
Makazi: chumba na ukumbi, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, kwa sasa yuko safarini, chumba namba 3, nyumba ya wageni iliyo karibu na msitu
Uhusiano na mtuhumiwa: jirani wa mlango kwa mlango, miaka ishirini na miwili
Yameanza kuandikwa: tarehe 9, saa 4:40 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu ninasema haya kwa hiari yangu. Hakuna aliyenitisha. Afande amenipa kiti na glasi ya maji, na ameniomba niseme polepole kwa sababu anaandika kwa mkono. Nitajitahidi, ila mimi nikiwa na wasiwasi huwa naenda kama cherehani ya umeme.

Mtuhumiwa ni rafiki yangu. Mtaani anaitwa Mama Darubini, kwa ajili ya darubini anayoivaa shingoni hata akienda dukani kununua chumvi. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ardhi miaka thelathini na mmoja, sasa amestaafu. Ni mjane. Ana mtoto mmoja wa kiume, mhandisi wa barabara, anayeishi mji mwingine na mkewe.

Nimeambiwa anatuhumiwa kuingia kwa makusudi katika eneo lililokatazwa, kukaidi amri ya mlinzi, na kukutwa na ramani ya uzio iliyoshonwa kwenye kitambaa. Nimeambiwa pia kwamba amekiri mwenyewe kuwa aliliona tangazo la katazo akaamua kulipita. Hilo la mwisho si kweli. Na ramani niliishona mimi.

Kwanza nieleze habari za ndege, maana afande ameniuliza mara mbili watu wazima wawili wanafuata nini msituni. Mimi ndege hawanihusu. Kwangu mimi ndege ni wa aina mbili, kuku na wasio kuku. Mwenzangu ndiye mwenye ugonjwa huo. Aliuanza na marehemu mumewe, na mumewe alipoondoka ugonjwa ukabaki nyumbani. Mimi namfuata kama mtu anavyomsindikiza mwenzake msibani asikomjua marehemu. Nakaa, nachoka, naitikia.

Mnamo tarehe 2 ya mwezi wa tatu, saa 9 alasiri, alikuja kwangu akitokea kliniki ya macho. Nilikuwa natia pindo kwenye mapazia ya mteja. Hakukaa. Akasema, "Daktari anasema ni presha ya macho. Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Na bomba linaziba."

Nikamuuliza, "Litaziba lini?"

"Hakusema. Hawasemi hao."

Nikaanza kulia. Yeye ndiye akanibembeleza mimi, mambo kinyume. Kisha akaniambia nishike gurudumu la cherehani yangu niape kwamba sitamwambia mtu, hasa mhandisi. Anajua nikiapa kwa cherehani sivunji, maana ndiyo iliyowasomesha wanangu wote wawili mimi nikiwa sina baba wa kunisaidia wala mjomba. Nikashika, nikaapa.

Sababu ya kumficha mhandisi ni kwamba alikwisha kumwambia mama yake, "Siku macho yakikuletea shida, nakuja na gari, tunafunga nyumba, unakaa kwangu." Si mtoto mbaya, na aandikwe hivyo. Ni mtoto mwema, ila hajui kwamba mama yake anaujua mtaa wetu kokoto kwa kokoto, anajua mlango gani unalia na mtaro uko hatua ngapi. Ukimpeleka ghorofa ya tatu katika mji asioujua, hapo ndipo atakapokuwa kipofu.

Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimkumbusha. Akaniambia wahenga hawakuwa na mtoto mhandisi.

Mwezi uliopita akaniambia anataka kuja huku, kwa sababu ya ndege mmoja. Jina lake la kitabuni sikulishika. Miaka kumi na mmoja iliyopita yeye na marehemu mumewe walimsikia ndege huyo katika msitu huu siku tatu mfululizo wasimwone, kwa kuwa ni ndege asiyetikisika, anakaa tawini kimya kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Akasema, "Nataka nimwone kabla bomba halijaziba. Lakini peke yangu siwezi. Nitapita chini yake kama mjinga."

Nikamwambia, "Mimi nikimwona nitajuaje kama ndiye?"

"Kifua chekundu, mgongo wa kijani. Hujui rangi wewe, mshona mapazia?"

Basi nikafunga duka. Tarehe 6 tulisafiri kwa basi kwa muda wa saa nane. Nilibeba tochi mbili, dawa za tumbo, bandeji, kamba, filimbi, biskuti na ndimu. Akaniuliza kama tunahama. Tulifika saa 11 jioni, tukapewa chumba chenye vitanda viwili na dirisha linaloangalia tangi la maji la mtambo.

Sasa nieleze jinsi tunavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo kitambaa hakitaeleweka. Nje ya uzio wa mtambo kuna njia ya miguu inayopita kando ya msitu. Njia hiyo ni ya watu wote, hata afande amekubali. Ndege wanapenda kutua juu ya nguzo za uzio kwa sababu hapo pana mwanga. Mimi nasimama nyuma ya mwenzangu, namshika mabega kama ninavyomshika mteja ninapompima mgongo, halafu namgeuza taratibu mpaka darubini ielekee pale. Namwambia, "Nguzo ya sita, juu, shubiri moja kushoto." Akishapata, anatulia kabisa, na mimi nasikia pumzi zake zinabadilika. Ndani ya bomba lake bado anaona vizuri. Tatizo ni pembeni. Pembeni hapana kitu.

Zamani alikuwa anaandika kila ndege katika daftari. Safari hii aliniambia hataki daftari. Alisema, "Nataka kitu nitakachosoma bomba likishaziba." Ndipo nikachukua kitambaa cheupe cha pamba, upana wa vidole vinne, nikashona kwa uzi mnene. Ule mstari mrefu ni uzio. Yale mafundo kumi na manne ni nguzo. Duara ni tangi. Msalaba mdogo ni ndege tuliyemwona, na alama ya tone ni ndege tuliyemsikia tu. Jioni anakaa kitandani anapitisha vidole, anasema, "Hapa nguzo ya tatu palikuwa na kigogota." Vidole vyake vilipiga chapa miaka thelathini na mmoja, havisahau kitu. Afande amejaribu kukisoma kwa vidole mbele yangu akashindwa, na si kosa lake.

Tarehe 7, saa 1:15 asubuhi, mlinzi wa mtambo alitukuta njiani. Akatuuliza, "Kina mama, mnatafuta nini huku?"

Mwenzangu akajibu, "Ndege."

"Wa kula?"

"Wa kutazama."

Mlinzi akanitazama mimi, nikainua mabega. Akacheka akaenda zake. Kwa hiyo alitujua, na hakutukataza njia.

Tarehe 7 na tarehe 8 tuliona ndege kumi na tisa. Wote wamo kwenye kitambaa. Yule wa kifua chekundu tulimsikia mara moja, tarehe 8 saa 12:50 asubuhi, akiguna chini chini kama mzee aliyevimbiwa. Mwenzangu alinishika mkono mpaka kucha zikaacha alama. Hatukumwona.

Leo tarehe 9 tulifika uzioni saa 12:20 asubuhi. Sasa nasema kosa langu. Pacha mdogo hakuwa amejibu ujumbe wangu tangu jana mchana. Ana miaka ishirini na sita, najua ni mtu mzima, lakini mama ni mama. Usiku kucha nilikuwa nimemzika na kumfufua. Pale uzioni simu haishiki. Saa 12:45 nikamwambia mwenzangu, "Nakwenda pale kilimani dakika kumi. Usitoke nguzo ya sita."

Akasema, "Nenda, Mama Mapacha. Mtoto wa watu amelala tu."

Nikapanda kilima. Simu ikaita mara nne. Pacha mdogo akapokea akasema, "Mama, nilikuwa nimelala!" Nikamwambia alale salama. Nilipoangalia saa ilikuwa saa 1:05. Dakika ishirini, si kumi. Hizo dakika ni zangu, ziandikwe kwangu.

Nikiwa bado juu nikasikia filimbi mara tatu. Nikakimbia. Nilianguka mara moja, ndiyo sababu ya hili goti.

Nilipofika nguzo ya sita hakuwepo. Lango la mtambo, lililo kati ya nguzo ya tisa na ya kumi, lilikuwa wazi kwa sababu lori lilikuwa limeingia. Bawa la lango lilikuwa limefungukia ndani. Tangazo la katazo limebandikwa kwenye mwimo wa kushoto wa lango, kubwa, maandishi mekundu, sikatai. Mwenzangu alikuwa ndani, hatua kama thelathini kutoka langoni, na mlinzi amemshika mkono wa juu.

Naomba hapa pasikilizwe vizuri. Tarehe 7 na 8 lango hilo lilikuwa limefungwa saa zote tulizokuwapo. Limetengenezwa kwa wavu uleule wa uzio. Mimi wakati nashona sikulishona. Kwangu lango lililofungwa lilikuwa uzio tu. Kwa hiyo mwenzangu, alipomsikia yule ndege mbele yake, aliondoka nguzo ya sita akiwa ameweka mkono kwenye wavu, akihesabu nguzo kama kitambaa kilivyomfundisha. Ya saba, ya nane, ya tisa. Baada ya ya tisa mkono wake ulifuata wavu wa bawa la lango, na bawa likampeleka ndani, kisha akaendelea kufuata sauti ya ndege. Yeye alidhani bado yuko njiani. Aliniambia hivyo mwenyewe tukiwa ndani ya gari la polisi, kwa sauti ya chini, "Mbona nguzo ya kumi ilichelewa?"

Macho yake yalikuwa juu, kwenye matawi. Tangazo lilikuwa pembeni. Pembeni, nimekwisha kusema, hapana kitu.

Kuhusu amri ya mlinzi, alipiga filimbi, hakusema neno. Mwenzangu alidhani anaelekeza lori.

Na kuhusu ramani, namuuliza afande kwa heshima. Mtu anayepeleleza mtambo atachora uzio mzima, nguzo kwa nguzo, halafu asahau lango? Kitambaa kiko mezani. Kitazamwe. Hakina lango. Kingekuwa na lango, mwenzangu asingekuwa hapa. Ni sindano yangu iliyomkamatisha, si nia yake.

Nilipowafikia, mlinzi alikuwa anafoka na dereva wa lori ameshuka kutazama. Mwenzangu hakumtazama hata mmoja. Akasema, "Mama Mapacha, ni wewe? Nakusikia unavyohema. Yuko hapo juu. Usipige kelele."

Nikatazama. Alikuwapo kwenye tawi la chini, mbali kama kutoka hapa hadi kwenye ule mlango. Kifua chekundu. Nimeshika vitambaa vyekundu maisha yangu yote, vya shule, vya kwaya, vya maharusi, na sijawahi kukutana na nyekundu ile. Alikuwa anatutazama sote bila wasiwasi, kama yeye ndiye aliyetukamata.

Mwenzangu akaniuliza, "Unamwona?"

"Namwona."

"Mimi nimemwona mkia tu, huyu bwana akanishika. Nigeuze."

Mlinzi alikuwa anamvuta kuelekea langoni. Nikamwambia, "Mwanangu, tafadhali, nusu dakika." Hakukubali, na simlaumu, anafanya kazi yake. Ndege akaondoka. Kwa hiyo mimi niliyekuwa sitaki ndiye niliyemwona mzima, na yeye aliyemtafuta miaka kumi na mmoja amepata mkia. Haya hayahusu kesi, afande anaweza kuyaruka.

Tulifika kituoni saa 2:10. Mimi niliwekwa kwenye benchi la nje ya kaunta, yeye akasimamishwa mbele ya kaunta, hatua nne kutoka kwangu. Nilisikia kila kitu. Afande aliyekuwa zamu akamuuliza, "Mama, tangazo uliliona au hukuliona?"

Nilimkonyeza aseme ukweli. Nilimkonyeza, nikatikisa kichwa, nikapunga mkono, mpaka afande wa pili akadhani namkonyeza yeye, akajiweka sawa kola. Mwenzangu hakugeuka. Nilikuwa upande wake wa kushoto. Nikaelewa kwamba ninampungia mtu asiyeniona, na nikaushusha mkono.

Akajibu, "Nililiona. Nikapita."

"Kwa nini?"

"Niliamua."

Sauti yake ilikuwa ya ofisini, ile aliyokuwa akiwajibu wakubwa wanaoleta barua yenye makosa. Mimi namjua. Aliona afadhali aitwe mkaidi kuliko aitwe kipofu, maana mkaidi hupigwa faini akarudi nyumbani kwake, lakini kipofu hufungashiwa mizigo. Afande akamwambia kwamba kwa maelezo hayo jambo linakwenda mbele, na kwamba atatafutwa ndugu wa karibu. Nikaona rangi inamtoka usoni.

Walipokuwa wanampeleka chumba cha nyuma akapita karibu yangu, akajua nipo, nadhani kwa harufu ya dawa niliyojipaka gotini. Akasema neno moja tu, "Mdomo."

Nikakaa kwenye benchi lile zaidi ya saa mbili na huo mdomo wangu. Niliwaza mengi. Niliwaza kwamba nikinyamaza, nimetunza kiapo, na yeye analala ndani ya chumba asichokijua, chenye ndoo asiyojua iko wapi, na wenzake asiowaona wakimjia kwa pembeni. Nikisema, anatoka, lakini nimemtoa kwenye nyumba yake kwa mdomo wangu mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata leo imesimama kaunta. Saa 4:30 niliinuka nikaomba kuandikisha.

Sikuja kwa sababu sijali kiapo. Nilipokuwa naapa nilidhani naapa kumlinda. Kama kumlinda ni kusema, basi nasema, na cherehani yangu ikinigomea nikirudi, nitashona kwa mkono.

Sina elimu ya kujua sheria inaruhusu nini. Naomba mambo mawili yaandikwe. La kwanza, apimwe macho na mtu anayejua, kabla hajahukumiwa kwa kulipita tangazo. La pili, kama sheria inataka ndugu wa karibu, naomba kabla ya kumpigia mwanawe nihesabiwe mimi. Si damu moja. Lakini nimekaa mlango kwa mlango naye miaka ishirini na miwili, nimemzikia mume, amenilelea mapacha nilipolazwa, ufunguo wa kwake uko kwenye kamba moja na ufunguo wa kwangu. Sijui undugu unapimwaje. Mimi napima kwa futi.

Mwenzangu akikataa kusema na mimi baada ya leo, nitamwelewa. Nitakaa kizingitini kwangu kila asubuhi kama kawaida, nitamsalimu, asipoitikia nitamsalimu tena kesho yake.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia, na niliyokuwa nimeyaficha. Nimesomewa yote, nimeyakubali, isipokuwa pale afande alipoandika "rafiki" mwishoni nimeomba afute aandike "mwenzangu", naye ameandika.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi kwa herufi kubwa, na dole gumba)
Saa 5:55 asubuhi

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Mimi Koplo wa dawati la maelezo nathibitisha kwamba nimeandika maneno haya kama yalivyotoka kwa shahidi, na nimemsomea kwa lugha anayoielewa.

Saa 6:05 mchana nilikwenda chumba cha nyuma. Nilimpa mtuhumiwa karatasi ya maelezo yake ya awali aisome, naye akaisoma bila shida. Akiwa anasoma niliweka funguo zangu mezani, upande wa kushoto wa karatasi. Nilimuuliza kuna nini mezani. Alisema kuna karatasi. Niliziondoa, nikazirudisha mara mbili. Hakuziona. Nilikagua pia kitambaa na kukilinganisha na uzio pamoja na mlinzi. Nguzo zote zipo. Lango halipo.

Nilimwambia kuwa maelezo yake na ya shahidi hayalingani. Kisha aliuliza, "Amesema yote?" Nikajibu ndiyo. Akauliza kama alilia. Nikajibu kwamba hapana, ila alikunywa maji glasi nne. Akaomba kalamu, akafuta maelezo yake ya awali na kuandika mengine kwa mkono wake. Mkuu wa kituo ameyapokea na kuagiza aachiwe kwa onyo. Darubini na kitambaa amerudishiwa.

Kuhusu mwanawe, hakupigiwa na kituo. Mtuhumiwa ameomba ampigie mwenyewe, na amefanya hivyo saa 7:05 mchana kwa simu ya kaunta. Sikusikiliza, lakini sauti ilipanda, na nilisikia akisema, "Basi njoo, tutazungumza, lakini gari uliache nje." Jalada limefungwa.

Alipotoka kaunta, shahidi alisimama kwenye benchi, hakumkaribia. Mtuhumiwa akasema, "Mama Mapacha, mimi na wewe hatusemezani mpaka Ijumaa." Shahidi akaitikia, "Sawa." Mtuhumiwa akafika mlangoni akasimama. Akanyoosha mkono pembeni, bila kugeuka, akauliza kituo hiki kina ngazi ngapi.

"Tano," shahidi akasema, "na ya tatu imevunjika kidogo," akampa bega.

Mkuu wa kituo ameuliza kwa nini saa hiyo dawati halikuwa na mtu. Nilikwenda kuwashikia mlango.